Tusiibandue Mizaha ya Kompyuta Ukutani



Katika mkutano wa mwisho wa chama chetu palizuka mjadala ambao hatukuutazamia. Mwalimu mmoja kijana, afundishaye Kiswahili pamoja na somo la kompyuta katika shule moja ya hapa Uganda, alikuwa amewaruhusu wanafunzi wake kubandika kwenye gazeti la ukutani mizaha michache kuhusu lugha za kuandikia programu na kuhusu mifumo endeshi, yaani zile programu mama ambazo bila hizo kompyuta ni sanduku tu. Mizaha ile waliitafsiri na kuitunga wanafunzi wenyewe. Mkuu wa shule aliposikia vicheko ukumbini, akaamuru karatasi zile zibanduliwe siku hiyo hiyo. Kijana yule akaja mkutanini kutuuliza kama kweli alikosa.

Tulidhani chama kitamtetea. Badala yake wenzetu wanne, watu tunaowaheshimu kwa umri na kwa kazi yao ndefu, walisimama mmoja baada ya mwingine wakaunga mkono uamuzi wa mkuu wa shule. Hoja zao zilikuwa tatu. Kwanza, kwamba mzaha si elimu, na saa za kipindi ni chache mno kuchezewa. Pili, kwamba mizaha hiyo ni ya Wazungu, haina kwao katika Kiswahili, na kuitafsiri ni kuikata samaki mapezi kisha kumwambia aogelee. Tatu, kwamba inawazoeza watoto dharau, maana karibu yote husema kwamba lugha hii ni bora na ile ni ya wajinga.

Hatuna nia ya kumvunjia mtu yeyote heshima. Lakini twaamini kwamba wenzetu wamekosea katika hoja zote tatu, na kwamba kosa lenyewe si dogo. Ndiyo maana tumeona heri tuwajibu hapa, mbele ya wanachama wote, badala ya kunung'unika pembeni.

Na tuanze na hoja ya kwanza. Ati mzaha si elimu! Kama ndivyo, basi wataalamu wenyewe wa kompyuta hawakuambiwa habari hiyo, kwani fani yao imejaa vicheko tangu ilipokuwa changa. Mwaka 1972 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani, Don Woods na James Lyon, walitunga lugha nzima ya kuandikia programu, wakaiita INTERCAL, kwa nia moja tu ya kuzifanyia dhihaka lugha nyingine zote. Katika lugha hiyo mwandishi hana budi kuiambia mashine neno la kuomba, kama hili letu la "tafadhali". Akiliacha mno, programu yake hukataliwa kwa kuwa hana adabu. Akilizidisha, hukataliwa vile vile, kwa kuwa anajipendekeza. Na lugha hiyo hufanya kazi kweli: mtu akiwa na subira aweza kuandikia programu kamili.

Je, hapo hapana somo? Sisi twaliona somo la sarufi, tena gumu. Kompyuta husemeshwa kwa amri: andika, soma, ongeza, rudia, acha. Watungaji wa INTERCAL waliuliza swali ambalo kila mwalimu wa Kiswahili hukutana nalo katika mwezi wa kwanza wa mafundisho yake: adabu inakaa wapi katika lugha? Mgeni anayejifunza Kiswahili hudhani adabu inakaa katika neno "tafadhali", akalirundika kila mahali. Sisi twajua kwamba mara nyingi adabu inakaa katika irabu moja ya mwisho. "Chota maji" ni amri. "Uchote maji" imepoa. "Naomba unichotee maji" ni ya mtu aliyelelewa. Mwalimu akimweleza mwanafunzi mzaha wa INTERCAL, kisha akamwuliza jinsi mashine iliyofunzwa Kiswahili ingeweza kujua adabu bila ya kuhesabu "tafadhali", amemfundisha kiishio -e kwa dakika tano, na mwanafunzi hatakisahau.

Tazama pia majina. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, katika maabara ya Bell, walianza kuunda mfumo endeshi ambao baadaye uliitwa Unix. Jina hilo lilikuwa mchezo wa maneno juu ya mfumo mkubwa uliotangulia, ulioitwa Multics: huyu jina lake ladokeza wingi, basi huyu mdogo na adokeze umoja. Mwaka 1983 Richard Stallman akatangaza kwamba ataunda mfumo mwingine unaofanana na Unix lakini ulio huru kwa kila mtu, akauita GNU, na akaeleza kwamba herufi zile tatu ni ufupisho wa sentensi isemayo kwamba GNU si Unix. Mwenye kuuliza GNU ya ndani ya sentensi ni nini, hurudishwa mwanzo wa sentensi, na mwanzo humrudisha tena ndani, asitoke mpaka kesho. Kwa Kiingereza neno hilo ni jina la yule mnyama tumwitaye nyumbu, ambaye huvuka mto Mara kwa malaki kila mwaka. Nyumbu wa Stallman huzunguka pale pale. Lakini kwa mzunguko huo wanafunzi wa kompyuta hufundishwa wazo zito sana katika fani yao, wazo la jambo linalojieleza kwa kujitaja lenyewe.

Na ile lugha ya Python, inayofundishwa siku hizi katika shule nyingi duniani? Walimu wengi hudhani imepewa jina la chatu. La hasha! Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa kwa watu mwaka 1991, aliipa jina la kundi la wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza, Monty Python. Kwa hiyo yule mkuu wa shule aliyebandua mizaha ukutani aliacha katika mtaala wake somo zima lenye jina la wachekeshaji. Hatumlaumu kwa kutojua. Twasema tu kwamba mzaha umekwisha kuingia darasani zamani, kwa mlango wa mbele, na umekalia kiti.

Tena lipo jambo la msingi zaidi. Mtu hawezi kucheka jambo asilolijua. Mzaha wowote wa fani ni mtihani mfupi usio na karatasi wala msimamizi. Wapo wasemao kwamba Emacs, ile programu maarufu ya kuandikia, ni mfumo endeshi mzuri sana, uliopungukiwa kitu kimoja tu, nacho ni programu nzuri ya kuandikia. Asiyejua kwamba Emacs imebebeshwa kazi nyingi kupita kiasi, hata mtu aweza kusoma barua na kucheza michezo humo humo, hatacheka. Anayecheka amefaulu. Mwalimu gani atakataa mtihani ambao mtoto anaufanya kwa hiari yake?

Twende kwenye hoja ya pili, ya kwamba mizaha hii haina kwao katika Kiswahili. Hapa wenzetu wana nusu ya haki, na nusu hiyo hatutawanyima. Mzaha uliotafsiriwa neno kwa neno ni maiti, na mabano marefu ya maelezo ni sanda yake. Lakini hebu tusikilizeni yaliyotokea katika darasa la kijana wetu, maana ndiyo ushahidi bora kuliko maneno yetu.

Upo mzaha wa zamani unaojulikana kwa waandishi wa programu wote. Mke anamtuma mumewe, ambaye kazi yake ni kuandika programu, aende dukani akalete mkate mmoja; na kama kuna mayai, alete kumi na mbili. Mume anarudi na mikate kumi na miwili. Anaulizwa kulikoni, anajibu: "Mayai yalikuwapo." Mashine hufanya hivyo hivyo: hufuata maneno yalivyo, wala haijui nia ya msemaji.

Wanafunzi wakautafsiri hivi: "Lete mkate mmoja, kama kuna mayai, lete kumi na mawili." Wakasoma kwa sauti. Darasa likanyamaza kimya, hapana aliyecheka. Mwalimu akauliza kwa nini. Baada ya muda msichana mmoja wa nyuma akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, huyu mume hawezi kukosea. Ameambiwa mawili. Mikate ingekuwa miwili."

Ndugu zetu, huo ndio ufunguo! Kwa Kiingereza namba hutembea bila vazi, wala mtu hajui ni ya mayai au ya mikate. Kwa Kiswahili namba imevaa kiambishi cha ngeli yake, na kiambishi kimelitaja yai kabla mume hajafika mlangoni. Upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi wetu hapa Uganda huuona kama adhabu iliyobuniwa na walimu, umesimama mbele yao ukiwa umeziba ufa uliomo katika Kiingereza. Kisha msichana yule akaongeza: "Lakini tukisema 'lete kumi', atakosea." Darasa zima likacheka. Maana kumi haina kiambishi, kama sita, saba, nane na tisa zinavyobadilika au kutobadilika, jambo ambalo darasa lile lilikwenda kulichunguza moja moja papo hapo: nane hubadilika, mayai manane, sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Twawauliza wenzetu wanne: ni mara ngapi katika maisha yenu wanafunzi wameomba wenyewe kuchunguza upatanisho wa namba?

Mfano wa pili ni wa lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus. Katika lugha hiyo, mwandishi asipotangaza aina ya namba anayoitumia, mashine hutazama herufi ya kwanza ya jina lake. Likianza na herufi yoyote kuanzia I mpaka N, hiyo ni namba kamili, isiyo na nukta wala sehemu. Likianza na herufi nyingine, hiyo ni namba halisi, ambayo yaweza kuwa na desimali. Waingereza na Wamarekani wamejengea hapo mzaha mkongwe: kwamba Mungu ni halisi, isipokuwa akitangazwa kuwa kamili, kwa sababu jina lake kwa lugha yao huanza na G.

Wapo watakaosema kwamba jina la Mwenyezi Mungu lisingizwe katika mchezo, na mwalimu anayeona hivyo asilazimishwe. Lakini tazama Kiswahili kinavyoligeuza jambo lenyewe. MUNGU huanza na M. Basi katika FORTRAN ya Mswahili Mungu ni kamili, wala hahitaji kutangazwa na mtu. Si mzaha tena. Ni kama mahubiri. Na wanafunzi hawakuishia hapo. Waligundua kwamba KARO huanza na K, kwa hiyo ni namba kamili: mhasibu wa shule hapokei nusu. NJAA nayo ni kamili. UJIRA huanza na U, kwa hiyo una nukta na vipande vipande. AHADI ina desimali. Na jina la jambo katika FORTRAN ya zamani halikuruhusiwa kuzidi herufi sita, kwa hiyo MSHAHARA haukuingia kabisa. Mtoto aliyetunga hilo la mwisho, sisi walimu tulimwelewa upesi kuliko wanafunzi wenzake.

Mfano wa tatu ni mfupi. Mwaka 1995 zilitokea lugha mbili, Java na JavaScript, ambazo kwa majina ni ndugu lakini kwa asili na matumizi ni mbali na mbali. Kwa Kiingereza watu husema zinahusiana kama gari na zulia, kwa kuwa katika lugha yao jina la zulia huanza kwa jina la gari. Tafsiri hiyo kwa Kiswahili ni upuuzi mtupu, wenzetu wana haki. Lakini nani alisema tutafsiri? Wanafunzi walisema zinahusiana kama paka na pakacha. Paka hushika panya. Pakacha husukwa kwa makuti na kubebea nazi. Anayedhani kwamba kwa kumfuga mmoja amepata na mwingine, na aende sokoni akajaribu.

Kwa hiyo jibu letu kwa hoja ya pili ni hili: mizaha mingine ife, hatutailia. Lakini ile inayokufa hutuonyesha mahali Kiswahili kinapotofautiana na Kiingereza, na ile inayofufuka hutuonyesha nguvu za Kiswahili. Kote kuwili mwalimu amepata somo.

Na ipo mizaha ambayo kwa haki ilikuwa yetu, tukaiacha ichezwe na wengine. Mwaka 2004 ulitolewa mfumo endeshi uitwao Ubuntu, uliotokana na mfumo mwingine uitwao Debian, na aliyeuanzisha ni Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la lugha za Kusini mwa Afrika, ndugu wa damu wa neno letu "utu", na Waganda wanalo lao, "obuntu". Toleo la kwanza lilipewa jina la ngiri. Ulimwengu wa kompyuta ukatunga mzaha upesi: kwamba Ubuntu ni neno la kale la Kiafrika lenye maana ya "nimeshindwa kuitengeneza Debian". Mzaha huo ni mzuri, nasi tumeucheka. Lakini unachukua neno zito la Kibantu na kucheza nalo, na katika dunia nzima hapana watu wenye haki ya kujibu kuliko sisi. Tulijibu nini? Hatukujibu lolote, kwa sababu tulikuwa kwenye kamati tukibishana kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi.

Sasa hoja ya tatu, ya dharau. Hii ndiyo nzito, na tungependa kuijibu kwa makini.

Ni kweli kwamba watu wa kompyuta wametupiana maneno makali. Edsger Dijkstra, Mholanzi, mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani hiyo, aliandika mwaka 1975 kwamba kutumia lugha ya COBOL kunalemaza akili, kwa hiyo kuifundisha kungestahili kuhesabiwa kuwa kosa la jinai. Na kwamba mwanafunzi aliyekwisha kuguswa na BASIC karibu hafundishiki tena. BASIC ilikuwa imetungwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth na walimu wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, kwa makusudi ya kuwafungulia mlango wanafunzi wasio wa sayansi. Maneno ya Dijkstra yanachekesha kwa ukali wake, lakini mtu akiyasoma akiwa ndiye mwanafunzi wa BASIC, kicheko humkauka kinywani. Hapo twakubaliana na wenzetu: mzaha unaompiga anayeanza kujifunza haufai ukutani, wala popote.

Lakini sisi Waafrika ya Mashariki tunayo mizani ya kupimia jambo hili, tena ya zamani kuliko kompyuta zote. Mizani hiyo ni utani. Mngoni na Mhehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako, wala hukasiriki. Hukunyang'anya kitoweo, wala humshtaki. Na siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayefika kufanya kazi za mazishi na kuwachekesha wafiwa wasizame katika huzuni. Utani ni ruhusa ya kusema, na pamoja na ruhusa hiyo huja wajibu wa kusaidia. Ukiondoa wajibu, kilichobaki si utani, ni matusi.

Tupime kwa mizani hiyo. Wapenzi wa programu ya vi na wapenzi wa Emacs wametaniana kwa miaka zaidi ya arobaini. Wa Emacs huwacheka wenzao kwamba anayeingia vi hajui pa kutokea, na kicheko hicho kina ushahidi: mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow ilitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka katika Vim, mtoto wa vi, lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe kwa kukosa mlango. Lakini tazama wajibu: swali lile lilijibiwa, tena kwa uvumilivu, na kila aliyekwama akatoka. Huo ni utani kamili.

Mfano mwingine. Mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Microsoft, aliufananisha mfumo wa Linux na saratani. Huo haukuwa utani, ulikuwa uadui. Nao upande wa Linux haukukosa kejeli juu ya Windows: juu ya kioo cha buluu kilichokuwa kikitokea mashine ilipozimia, na juu ya Windows 95, ambayo mtu akitaka kuizima lazima abonyeze neno la kuanza. Lakini mwaka 2016 Microsoft yenyewe iliikaribisha Ubuntu ndani ya Windows, mtumiaji akaweza kuzitumia zote mbili katika mashine moja. Wangoni na Wahehe wa kompyuta wakawa watani. Mwanafunzi anayeijua historia hiyo hajifunzi dharau. Anajifunza jinsi uadui unavyopozwa.

Tumesema mwanzoni kwamba kosa la wenzetu si dogo. Sasa tueleze kwa nini, na hapa twawaomba wasomaji walio nje ya Uganda watuvumilie.

Kiswahili kiliingia katika maisha ya Waganda wengi kikiwa kimevaa sare. Kilikuwa lugha ya jeshi la mkoloni, King's African Rifles, kisha lugha ya askari na polisi baada ya uhuru. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa kufanya hivyo alikifanya kichukiwe na watu wengi waliomchukia yeye. Wazazi wengi wa wanafunzi wetu walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, na walichosikia kilikuwa vitenzi vya amri: simama, shuka, lete, kaa chini. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Twashukuru. Lakini tutambue kwamba hata azimio hilo ni amri nyingine.

Sasa tazama tunavyokipeleka Kiswahili kwenye kompyuta. Kazi njema zimefanyika: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na tangu hapo wengine wamefuata. Lakini mwanafunzi wetu akifungua programu ya Kiswahili anasoma nini? Fungua. Funga. Hifadhi. Futa. Chapisha. Ni amri tupu! Mashine haina kosa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Kosa ni letu, tukidhani kwamba tukimaliza kutafsiri amri zote tumemaliza kazi. Mtoto ambaye baba yake alikisikia Kiswahili kikiamrisha watu barabarani, sasa anakisoma kikiamrisha mashine mezani. Lini atakisikia kikicheka?

Watu huisema lugha ya amri wanapolazimika, nao huiacha lango likifunguliwa. Lugha waliyochekea hawaiachi. Mwanafunzi wa nyuma aliyesema "lete kumi" hakuamriwa na mtu. Alikitumia Kiswahili kumnasa mume wa kwenye mzaha, na kwa dakika hiyo moja Kiswahili kilikuwa chake. Kisha mkuu wa shule akaja akatumia kitenzi cha amri: bandueni.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, na tutayaleta mbele ya mkutano ujao yapigiwe kura. Kwanza, kijana wetu aandikiwe barua ya shukrani na chama, na nakala yake ipelekwe kwa mkuu wake kwa adabu zote. Pili, taarifa hii itenge ukurasa mmoja katika kila toleo kwa ajili ya mizaha ya fani, ya kompyuta na nyinginezo, iliyotungwa na wanafunzi. Tatu, mizaha hiyo ichaguliwe kwa mizani ya utani: icheke chombo au tabia, isimcheke anayeanza kujifunza, na mzaha unaohitaji maelezo marefu kuliko wenyewe uachwe. Nne, kila mzaha utokao lugha nyingine uwekewe swali moja tu chini yake: je, kwa Kiswahili umekufa au umefufuka, na kwa nini?

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Waandishi wa programu wanaijua methali hiyo hata kama hawajaisikia, kwa sababu kosa lililomo katika programu wao huliita mdudu, na mdudu huyo mara nyingi yumo katika mistari waliyoiandika kwa mikono yao wenyewe. Nasi kwa miaka mingi tumetafuta kinachokizuia Kiswahili kupendwa hapa kwetu. Tumeilaumu historia, tumeilaumu serikali, tumewalaumu wazazi. Yawezekana mengine ni kweli. Lakini karatasi zile hazikubanduliwa na historia. Zilibanduliwa na mwalimu, na walimu wanne wakasema amefanya vyema.

Na zirudishwe ukutani.